Jinsi ya kuzuru Jiaohe, mji wa kale wa China uliochimbwa ardhini

Aliyezoea magofu ya Kilwa Kisiwani, Gede au Kaole, akifika Jiaohe hutafuta mawe. Hayapo. Hakuna matumbawe wala chokaa. Kuna udongo wa rangi ya ngano iliyoiva, uliokatwa ukawa kuta, milango, visima na barabara, juu ya genge lenye kimo cha mita 30 hivi. Wageni wengi hupita humo kwa dakika arobaini, wakapiga picha mbili tatu, wakarudi kwenye gari wakisema wameona vichuguu. Nimewasikia wakisema hivyo, na iliniuma, kwa sababu mji huu unasomeka vizuri kuliko magofu mengi niliyowahi kuyakanyaga.

Kuna jambo moja la kulijua kabla hujaingia: mafundi wa Jiaohe hawakupandisha kuta, walishusha barabara. Walianza na uwanda mtupu, wakachimba kwenda chini, wakaacha udongo usimame pale walipotaka ukuta. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili ufike ukiwa na muda, maji na macho ya kuliona hilo.

Magofu yako kilomita 10 hivi magharibi ya mji wa Turpan, katika jimbo la Xinjiang, kaskazini-magharibi kabisa mwa China. Jina la Kichina lina maana ya mahali mito inapokutana: maji hugawanyika, yakaupitia uwanda pande zote mbili, kisha yakaungana tena upande wa chini. Waiguri, ambao ndio wenyeji, hupaita Yarghul, na katika lugha yao yar ni genge.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, ukilijali jua

Turpan ni bonde lililo chini ya usawa wa bahari. Ziwa lake la Ayding liko mita 154 chini, na milima inayolizunguka bonde huzuia joto lisitoke. Tarehe 16 Julai 2023, huko Sanbao katika eneo hilo hilo la Turpan, kipimajoto kilisoma nyuzi 52.2, joto kubwa kuliko lote lililowahi kurekodiwa China. Usiseme mimi ni mtu wa Dodoma au wa Garissa, jua nalijua. Jua hili halina unyevu hata kidogo. Jasho hukauka kabla hujalihisi, ukadhani mwili uko salama.

Nenda Septemba au mwanzo wa Oktoba. Joto limeshuka, na zabibu zimekomaa. Utaona vijumba vya matofali yenye matundu matundu vilivyojengwa juu ya vilima na mapaa ili upepo upite uzikaushe. Aprili na Mei nazo zinafaa, ila ndio msimu wa upepo wa vumbi, na reli ya kutoka Urumqi, mji mkuu wa Xinjiang, hupita katika eneo linalosifika kwa upepo mkali. Ukienda msimu huo acha siku moja ya akiba, maana treni huweza kucheleweshwa.

Hatua ya 2: Nyaraka, fedha na simu

Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza ya China kabla ya kuondoka nyumbani. Xinjiang haihitaji kibali cha ziada kama Tibet. Hata hivyo pasipoti iwe mfukoni wakati wote, isibaki hotelini. Utaombwa uionyeshe kituoni, hotelini, getini, wakati mwingine hata njiani. Ukaguzi ni mwingi, kwa hiyo kila safari iongezee nusu saa. Visu na viberiti vya gesi acha nyumbani, vitachukuliwa kwenye kituo cha kwanza cha treni.

Majina yetu matatu huleta shida ndogo inayoweza kukukosesha treni. Tiketi za reli za China hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, na jina lazima liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, yote matatu, kwa mpangilio ule ule. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla ya safari. Programu ya shirika la reli, 12306, hukubali wageni, lakini huchukua muda kuhakiki pasipoti, basi jisajili mapema. Ikishindikana, dirisha la kituoni linauza.

Malipo hufanywa kwa simu karibu kila mahali, hata kwa muuza tikiti maji. Sajili Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani na uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard. Beba pia noti za yuan kidogo, kwa siku ambayo mtandao utagoma. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya kawaida ya China. Laini ya kwenu ikiwa kwenye roming mara nyingi huzifungua. Pakua ramani mapema, na uhifadhi maandishi haya kwenye simu uyaonyeshe dereva: 交河故城. Ni "mji wa kale wa Jiaohe". Ukimwambia dereva "mji wa kale" tu anaweza kukupeleka Gaochang, ambao nao ni magofu, upande mwingine kabisa wa Turpan.

Hatua ya 3: Fika Turpan kwa kituo kilicho sahihi

Wengi wetu huingilia China kupitia Guangzhou, kwa wafanyabiashara, au Beijing. Kutoka Guangzhou kuna ndege hadi Urumqi, takriban saa tano angani. Kutoka Urumqi panda treni ya mwendo kasi. Ni kama saa moja tu.

Shuka Turpan Kaskazini: 吐鲁番北站. Kuna kituo kingine kinachoitwa Turpan tupu, cha reli ya zamani, nacho kiko Daheyan, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini. Soma tiketi mara mbili. Kutoka Turpan Kaskazini teksi hadi mjini si mbali.

Hotelini utaandikishwa polisi kama mgeni, nayo ni kazi ya hoteli. Ukifikia nyumbani kwa mtu, sheria inakutaka uandikishwe ndani ya saa 24, hivyo usilipuuze hilo ukamtia mwenyeji wako matatani.

Hatua ya 4: Panga saa upya

Hapa Mswahili ana faida. China nzima, pamoja na upana wake wote, hufuata saa ya Beijing. Turpan iko mbali magharibi, hivyo jua lake huchelewa saa mbili. Mwishoni mwa Septemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi kwa saa ya Beijing, na mwezi Juni linazama karibu saa nne kasorobo usiku. Adhuhuri, jua likiwa utosini, saa ya ukutani inasema saa nane. Wenyeji wengi wana hesabu yao ya pembeni, inayorudi nyuma saa mbili, na ukipanga miadi lazima uulize: saa ya Beijing au ya hapa?

Sisi tunaohesabu saa kutoka mapambazuko tunalielewa haraka. Toa mbili kwenye saa ya Beijing, upate saa ya jua. Ukiambiwa geti linafunguliwa saa tatu asubuhi, jua linasema saa moja. Hiyo ndiyo saa ya kuwa getini. Hotelini waulize saa za kufungua kwa msimu huo, kwani za kiangazi na za baridi hutofautiana.

Mara ya kwanza mimi nilikwenda Julai na kundi lililokodi mwongoza watalii. Alitufikisha saa nane mchana kwa saa yake ya mkononi, akatupa nusu saa. Dada mmoja wa Mombasa tuliyekuwa naye alishikwa na kizunguzungu kabla hatujafika katikati, tukarudi tukiwa tumemshika mikono. Hatukuona kitu. Nilirudi peke yangu mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, asubuhi, nikakaa saa tatu na nusu. Ukikodi mtu, mwambie tangu mwanzo: asubuhi, na si chini ya saa tatu.

Hatua ya 5: Cha kubeba

Maji lita mbili kwa kila mtu, kofia pana, miwani, mafuta ya jua, viatu vilivyofunikwa. Juu ya uwanda hakuna mti wala duka. Msalani nenda getini kabla ya kupanda. Droni usibebe.

Hatua ya 6: Panda kwa kusini, kisha simama

Njia ya wageni hupanda kutoka ncha ya kusini. Ukifika juu, usianze kutembea. Simama ugeuke pande zote.

Uwanda una umbo la jani refu, au mashua. Una urefu wa mita 1,650 hivi, na mahali penye upana mkubwa ni kama mita 300. Kingo zake zote zimekatika wima hadi mtoni, ambako utaona mipopla na mashamba ya mizabibu, kijani kibichi kabisa chini ya ukavu ulio juu yake. Sasa tafuta ukuta wa mji. Hutauona, kwa kuwa haukuhitajika. Genge lenyewe lilikuwa ngome.

Huu ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Jushi wa Mbele tangu karne ya 2 kabla ya Kristo. Historia ya utawala wa Han wa China inautaja kwa hesabu kamili: kaya 700, watu 6,050, na wanaoweza kushika silaha 1,865. Nilipoisoma hesabu hiyo nikiwa pale juu, niligeuka nikautazama uwanda upya. Watu elfu sita, kati ya dola mbili kubwa, Han upande wa mashariki na Xiongnu upande wa nyikani, kila mmoja akiitaka njia ya hariri inayopita hapo. Wachina husema mji huu uligombaniwa mara tano. Jushi ilianguka mwaka 450. Mwaka 640 utawala wa Tang wa China uliliteka eneo lote la Gaochang, na kwa miaka michache makao ya kamanda wake wa nchi za magharibi yakawekwa hapa hapa Jiaohe, kabla ya kuhamishiwa mji wa Kucha, magharibi zaidi. Walikuja Watibeti, kisha Waiguri, na vita vya zama za Wamongolia, karne ya 13 na ya 14, ndivyo vilivyoumaliza. Watu waliondoka, hawakurudi.

Mvua ya mwaka mzima Turpan ni milimita 16 hivi. Ndiyo sababu udongo uliosimama bila paa kwa zaidi ya miaka 600 bado una pembe kali kwenye milango.

Hatua ya 7: Jifunze kusoma ukuta mmoja

Chagua ukuta wowote ulio karibu na njia na uupe dakika kumi. Ukiuelewa huo, mji wote utakufungukia.

Tazama kwanza chini. Sehemu ya chini ya ukuta haina maungio. Ni ardhi yenyewe, na mistari yake ni ile aliyoiweka Mungu, inayoendelea bila kukatika kutoka nyumba hadi nyumba, hata upande wa pili wa kichochoro. Fuata mstari mmoja kwa macho: unaingia mlangoni unatokea chumba cha jirani. Hiyo ni dalili kwamba hapakujengwa, palichongwa.

Panda na macho. Kwenye kimo fulani utaona matundu yamepangwa safu moja, kila tundu likitosha ngumi mbili. Ni matundu ya boriti. Boriti zenyewe zimeshatoweka, lakini safu ile inakuonyesha palipokuwa na dari ya chini na sakafu ya ghorofa. Juu ya safu hiyo mara nyingi udongo hubadilika: sasa ni mikanda mipana ya tope lililolundikwa, ukikauka mmoja unawekwa mwingine, kila mkanda ukiwa na mpaka wake. Tope hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye shimo la chumba cha chini. Walichokichimba ndicho walichojengea. Katika nchi isiyo na miti ya kutosha wala mawe karibu, fundi alipata kuta za chini na tope la kuta za juu kwa jembe lile lile.

Kisha tafuta vishubaka. Wa Lamu na Unguja wataviita zidaka, na sura ni ile ile: kijishimo chenye tao juu, usawa wa kifua, cha kuwekea taa au chombo. Kuna kimoja, katika kichochoro cha upande wa mashariki, ambacho ukingo wake wa chini umelainika na kuinama kidogo katikati, kama kizingiti cha mlango wa babu. Kama ni upepo au ni mikono ya watu iliyokilainisha, kila mmoja atajiamulia. Mimi nilikaa mbele yake muda mrefu.

Usikiguse. Nalisema hili kwa moyo wote: kuta hizi hazina plasta wala saruji, na kiganja chenye jasho huondoka na chembe za udongo ambazo hakuna atakayezirudisha. Baki kwenye njia iliyotengwa, hata pale kamba ilipolegea na picha ya upande wa pili inaonekana nzuri zaidi. Kazi ya kuimarisha kuta zilizopasuka imefanywa kwa miaka mingi, ikiwemo ile ya miaka ya 1990 ya UNESCO na China kwa fedha za Japani. Mguu mmoja juu ya ukingo mwembamba huiharibu kazi hiyo kwa sekunde.

Hatua ya 8: Fuata barabara kuu kuelekea kaskazini

Barabara kuu ina urefu wa mita 350 hivi na upana wa kama mita 10, na ukiwa ndani yake unaona kuta nene tu kulia na kushoto. Hesabu milango inayofunguka barabarani. Ni kazi bure. Nyumba zilifungukia vichochoro vya pembeni, na kichochoro kilifungukia ua. Adui akiingia barabara kuu, alijikuta kwenye mfereji, na wenye mji wako juu yake. Aliyekulia Mji Mkongwe atahisi yuko nyumbani katika vichochoro hivyo: baridi ya kivuli, kona inayokuficha kinachofuata.

Mashariki ya barabara ndiko zilikokuwa nyumba kubwa na ofisi za utawala. Magharibi ni nyumba ndogo na karakana.

Barabara inakufikisha kwenye Hekalu Kubwa la Wabudha, lenye urefu wa mita 88 hivi na upana wa 59. Ingia uani polepole. Katikati ya ukumbi imebaki nguzo nene ya udongo yenye zidaka pande zake, na ndani ya baadhi yake kuna sanamu za Budha zilizokaa, hazina vichwa. Kisima cha ua bado kipo. Hapa kaa chini kwenye sehemu inayoruhusiwa, unywe maji.

Mbele zaidi kaskazini ni bustani ya stupa, vijengo vya ibada vya Wabudha: moja kubwa katikati, na kuizunguka makundi manne ya stupa ndogo 25 kila moja, jumla 101. Nyingi zimebaki vitako tu, lakini safu zake zimenyooka. Watu wengi huishia hekaluni kwa uchovu. Wewe fika, ni hatua chache.

Hatua ya 9: Rudi kwa upande wa mashariki

Usirudi na njia uliyojia. Pinda mashariki, upite eneo la ofisi, ambako ua mzima umezamishwa ardhini na ngazi yake inaonekana. Karibu na hapo kuna makaburi ya watoto wachanga, zaidi ya 200, madogo, yamepangwa karibu karibu. Wataalamu wana maelezo tofauti: maradhi, au vita vya mwisho. Hakuna lililothibitika. Pita kimya. Mimi sikupiga picha pale.

Malizia kwenye lango la mashariki, lililokatwa katika genge. Hutatokea huko, lakini chungulia bondeni: hapo ndipo maji yalipokuwa, na utaelewa kwa nini mji ulihitaji visima vyake juu.

Hatua ya 10: Mchana na siku ya pili

Ukishuka utakuwa na njaa. Waiguri ni Waislamu, chakula cha kwao ni halali, na chakula kikuu cha karamu kinaitwa polo. Ni wali wa nyama ya kondoo, karoti na vitunguu katika sufuria moja. Onja, halafu tamka jina lake karibu na pilau. Ni neno moja lililosafiri njia mbili. Mwambie mwenye mgahawa rahmet, asante, neno la ukoo mmoja na rehema yetu. Kitabu kwao ni kitab, dunia ni dunya, wakati ni waqit. Mzee mmoja aliyeniuzia zabibu kavu tulipeana maneno ya namna hiyo robo saa nzima, bila mkalimani. Mambo ya siasa usimuulize mwenyeji. Wewe utaondoka, yeye atabaki.

Mchana wa jua kali tumia chini ya ardhi, kwenye makumbusho ya karez, mifereji ya kuleta maji ya theluji kutoka milimani kupitia chini ya ardhi. Ndugu zetu wa Oman wataitambua mara moja, ni jamaa wa karibu wa falaj. Jioni, mnara wa Emin wa mwaka 1778, wenye mita 44, hupendeza mwanga ukiwa wa pembeni.

Siku ya pili kodi gari uende mashariki, kilomita 40 na kitu, hadi Gaochang. Huo ulijengwa kwa kupandishwa, kwa udongo ulioshindiliwa na matofali mabichi, na ukiutazama baada ya Jiaohe tofauti itakurukia machoni. Mtawa wa Kibudha Xuanzang alipokelewa huko na mfalme yapata mwaka 630 akiwa safarini kwenda India. Makaburi ya Astana yako jirani.

Vingi vilivyotoka kwenye makaburi hayo viko Urumqi, katika makumbusho ya Xinjiang, hivyo panga treni ya kurudi ikuachie nusu siku huko, isipokuwa Jumatatu, maana hufungwa. Pita kwenye hariri, uende hadi kwenye kabati la vyakula. Kuna maandazi madogo ya kukunjwa ya zama za Tang, yaliyokauka yakawa magumu kama udongo, na kwenye ukingo wake bado panaonekana mahali vidole vilipobana unga.